Beti Nane Nilizozikata

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa huko mbele akaukosa. Utotoni nilimkimbia bata mzinga kutoka Pongwe mpaka karibu na Muheza, na kama nisingeishiwa pumzi ningefika Korogwe. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, tena upande wa baruti, ukoo mzima ulicheka. Shangazi yangu alicheka mpaka akaomba maji. Sikuwa na ujanja mwingine. Upande wa baruti ndio uliokuwa na nafasi, na ulikuwa na nafasi kwa sababu kila mwenye akili timamu alikuwa ameomba upande wa kupakia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi wenye mashine wanatoboa matundu kwenye ukuta wa mwamba. Sisi watu wa baruti tunakuja nyuma yao, tunashindilia baruti, tunaunganisha tambi za kuwashia, halafu king'ora kinalia na kila chenye miguu kinakimbia. Hata mbuzi wa jirani walikuwa wanakijua kile king'ora kuliko wafanyakazi wapya. Msimamizi anakwenda barabarani na bendera nyekundu kuzuia magari. Wawili tuliowasha tunaingia kwenye kontena kuukuu lililozungushiwa magunia ya mchanga, tunafunga mlango, tunahesabu milio. Matundu kumi, milio kumi. Ukipata kumi unamshukuru Mungu, unangoja vumbi litue, unatoka. Ukipata tisa, basi kuna tundu limelala. Utambi wake unaweza kuwa umekufa kabisa, au unaweza kuwa unafukuta polepole huko ndani ukikusubiri wewe. Sheria inasema usitoe hata pua nje kabla ya nusu saa kamili.

Sasa nusu saa hiyo tuliipimaje? Simu zilikuwa haziruhusiwi kukaribia baruti, zilibaki getini ndani ya boksi. Saa ya mkono alikuwa nayo msimamizi, na msimamizi alikuwa barabarani. Sisi tulipima kwa shairi.

Sijui nani alilianza. Nilipofika nililikuta, na walionitangulia walilikuta pia. Desturi ilikuwa kwamba kila anayeingia kazi ya baruti, siku yake ya kwanza ndani ya kontena, anatoa ubeti mmoja juu ya kitu anachokiogopa kuliko vyote. Ukitoa ubeti wa kujisifu wanakurudisha kupakia mawe, maana mtu asiyeogopa hakai na baruti, ataua wenzake. Kwa hiyo shairi lile lilikuwa ghala la hofu za watu, wengine wamekwisha kustaafu, wengine wamekwisha kufa kwa malaria na uzee. Kulikuwa na Mbondei aliyeogopa kwamba akifa yeye, michungwa yake itavunwa na shemeji yake ambaye hajawahi kushika jembe. Msambaa mmoja hakuogopa kufa, aliogopa kuzikwa huku pwani kwenye joto. Mwingine aliogopa kuokotwa vipande halafu kipande kimoja kisahaulike, na watu wanne, nasema wanne, walikuwa na hofu ile ile moja ya nani atakayewaoa wake zao.

Beti zilikuwa thelathini. Mmoja anaimba mstari, mwenzake anauitikia, taratibu, kwa mahadhi ya kuvuta kama unambembeleza mtoto mwenye homa. Ubeti mmoja dakika moja. Shairi likiisha, nusu saa imeisha.

Haya yote alinifundisha fundi mkuu wa baruti, Mpemba aliyevuka akiwa kijana, akaoa Mkwaja, kisha kazi ikamleta kwetu. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi na tano, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kaka, naye akaniita yakhe, au akitaka kunichokoza, mwalimu, kwa sababu ya shule yangu ya jioni ambayo nitaieleza sasa hivi. Mtu mpole, mrefu, mikono mikubwa kama makafi. Miaka ishirini na zaidi katika baruti, na aliyewahi kufanya kazi chini yake hakupoteza hata ukucha. Hilo ndilo alilokuwa nalo duniani. Hakuwa na nyumba ya maana wala ng'ombe, lakini ukimtajia jina lake mtu wa machimbo yoyote kuanzia Pongwe mpaka huko ndani, alijibu: ah, yule asiyeumiza mtu. Nilimwona mara moja akiambiwa hivyo na mgeni. Alitazama chini akapangusa viatu vyake, na viatu vilikuwa safi.

Siku yangu ya kwanza mle kontenani, meno yalikuwa yanagongana kwa kelele hata akaniuliza kama nimeleta ngoma. Nikatoa ubeti wangu, wa thelathini na moja. Nakumbuka ulivyoanza:

*Mimi ni mwoga wa mawe, hofu yangu siifichi,*
*Nataka mbawa za mwewe, niihame hii nchi.*

Alicheka mpaka akasahau kuhesabu milio, ikabidi anihoji mimi, na mimi nilikuwa nimehesabu vizuri maana nilikuwa nakufa. Tangu siku ile nikagundua jambo. Ile hofu, nikiitia kwenye mistari, ilikuwa inapungua. Haikwisha, la. Ilikaa pembeni kama mgeni aliyepewa kiti. Nikaanza kuandika kila siku. Niliandika nyuma ya mifuko ya saruji, kwenye maboksi, kwenye ukuta wa choo cha kampuni mpaka wakaupaka rangi upya. Ningesema nilimaliza wino wote wa mkoa wa Tanga, lakini mwenye duka aliniambia zilibaki kalamu mbili.

Ndipo nikajiandikisha shule ya jioni. Kazini nilitoka mweupe kwa chokaa kama mtu aliyevingirishwa kwenye unga, nikapanda gari kwenda mjini, nikakaa darasani na akina mama wauza samaki na askari mgambo mmoja aliyesinzia kwa nidhamu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mama mstaafu mwenye kalamu nyekundu. Alitufundisha mizani na vina, alitufundisha kwamba ubeti usiosimama ni bora usiwepo. Nilimpenda kwa moyo wote. Nilimaliza kidato cha nne nina miaka thelathini na nne, na alama yangu ya Kiswahili niliitangaza sokoni, msikitini na kwenye misiba miwili.

Hatari ya elimu ni kwamba unarudi nayo nyumbani. Nilirudi nayo kontenani. Lile shairi nililokuwa nikiliimba kwa raha sasa lilinikera masikioni. Ubeti huu unachechemea, mstari wake una mizani saba. Ule vina vyake vimekwenda kila kimoja njia yake. Na wale wanne wenye hofu ya mke kuolewa, kwa nini wanne, si mmoja anatosha?

Ikaja wiki ya usalama kazini. Ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa kazi za hatari wa Tanga watashindana mjini kwa sanaa: ngonjera, nyimbo, maigizo, chochote kinachofundisha usalama. Msimamizi wetu aliniita ofisini kwake, akanipa kiti, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Alisema amesikia tuna shairi letu la kungoja na mimi ni msomi. Nilirekebishe, tukashindane. Lakini liwe fupi, akasema, na lichangamke, wageni wasilale.

Nilikaa nalo juma zima. Nilichora kwa kalamu nyekundu, nilikuwa nimeinunua maalumu. Nilinyoosha mizani, nikatia vina, na zile zisizonyooka nikazitoa. Zilitoka beti nane. Mahadhi nayo nikayabadilisha, nikaweka ya haraka haraka, ya kupiga makofi. Nilijua kabisa kwamba lile shairi lilikuwa saa yetu. Nilijua kama ninavyojua nina figo. Sikuwahi kulifikiri.

Mmoja katika hizo nane ulikuwa wa fundi mkuu mwenyewe. Nitauandika hapa kama ulivyokuwa, na anayejua mizani akihesabu atacheka:

*Asubuhi nimetoka, mke wangu kanuna,*
*Sikumwambia kwaheri, naye chai hakunipa,*
*Leo jiwe likinila, maneno ya mwisho ni yapi?*
*Ni kwamba nimekuchoka, na wala sikumchoka.*

Nilipomsomea shairi jipya alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande. Kisha akaniuliza wa kwake uko wapi. Nikamweleza habari ya vina, nikamchorea na mchangani. Akautazama ule mchoro.

"Kwa hiyo miye hofu yangu haina vina."

"Hofu ina vina kaka, ila mistari ndiyo haikukaa."

"Haya mwalimu. Weye ndo ulosoma."

Akacheka, nami nikacheka, tukaenda kunywa chai na mihogo. Basi, yakawa yamekwisha. Hakunisumbua tena hata neno moja.

Mjini tulishinda. Palikuwa na mafundi wa nguzo za umeme walioimba juu ya mwenzao aliyenata kwenye waya, na wapanda minazi watatu walioigiza kuanguka vizuri mno hata mama mmoja akapiga yowe. Palikuwa na mwanamke wa mashine ya kusaga mkonge ambaye alisoma utenzi juu ya kidole chake kilichokatika, akiwa ameuinua mkono ule tuuone, na nikiwa mkweli yeye ndiye aliyestahili. Lakini sisi tulikuwa na makofi. Beti zetu ishirini na tatu ziliwainua wazee kwenye viti. Nikapewa cheti na chupa ya chai, na shairi likaandikwa kwenye ubao mkubwa getini kwetu, chini yake jina langu, herufi kubwa kiasi ambacho naapa rubani angelisoma.

Tangu hapo tukaimba lile jipya. Siku za kawaida hatukulimaliza, beti tano sita vumbi linatua, tunatoka. Tundu kulala ni jambo la nadra. Miezi minne ilipita halikulala hata moja, kwa hiyo kwa miezi minne hakuna aliyeliimba lile shairi jipya mwanzo mpaka mwisho mle ndani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, jua la saa sita. Matundu kumi. Tukaingia, tukafunga, tukahesabu. Mimi nikapata tisa, nikamtazama. Yeye alikuwa ameinua vidole tisa. Akasema tundu limelala, na sauti yake haikuwa na wasiwasi wowote, kama mtu anayesema mvua imekatika. Tukakaa chini, tukaanza.

Niseme ukweli, tuliimba vizuri siku ile. Nilikuwa naogopa sana na uoga wangu wote niliutia kwenye sauti, na yeye akaniitikia kwa yale makofi yake makubwa, kontena likavuma. Tulipofika ubeti wangu tukacheka wote wawili. Tukamaliza. Akasimama, akavaa kofia yake ngumu, akaniambia nikae, kukagua ni kazi ya mkubwa. Akafungua mlango. Jua likaingia.

Nilihesabu hatua zake kwenye kokoto, sijui kwa nini, mazoea ya kuhesabu. Nilifika kumi na tisa.

Sitaeleza nilichokiona nilipotoka. Mwandishi mzuri angeeleza. Nitasema tu kwamba alikuwa hai, alikuwa amekaa, na alikuwa akijipangusa uso kwa mikono yote miwili kama mtu aliyemwagiwa maji, akiniuliza kwa nini nimezima taa.

Macho hayakurudi, yote mawili.

Uchunguzi ulifanyika baada ya siku chache. Walikuja wakaguzi wawili, watu wazuri, wana viatu vya mjini. Msimamizi alikuwa ameangalia saa yake mlio wa tisa ulipolia, na tena ule wa kumi ulipolia. Dakika kumi na sita. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi nikisubiri kuitwa, nikasikia kupitia dirishani mtu anasema dakika kumi na sita, na mbele yangu, pale getini, ubao wangu umesimama na jina langu. Beti ishirini na tatu kwa mahadhi ya makofi. Niliziimba kimoyomoyo nikihesabu.

Nikaitwa. Mkaguzi aliniuliza tulikuwa tukifanya nini ndani. Nikasema tulikuwa tukingoja. Akauliza tulipimaje muda. Nikasema fundi mkuu ndiye anayepima, ndiye mkubwa, jambo ambalo ni kweli. Akaniuliza kama nilimwona akitoka, na kama nilimwambia chochote.

Nikasema, "Nilimwambia tungoje kidogo."

Hayo maneno matatu ndiyo utunzi wangu bora kuliko wote. Mkaguzi aliyaandika bila kusita, msimamizi akatikisa kichwa kwa huzuni, na ripoti ikatoka ikisema fundi mkuu alitoka kabla ya muda kwa uzembe wake, akiwa ameonywa na mwenzake. Leseni yake ya baruti ikafutwa, ingawa kipofu atakwenda wapi na leseni. Mimi nikapewa nafasi yake. Nilikubali, na niliikalia miezi saba.

Mkewe alikuja kumchukua akamrudisha kwao Mkwaja. Habari za ripoti zilifika kabla yao, maana dereva wa lori la chokaa aliwahi kupita. Nikasikia kwamba huko wanamwita aliyejilipua, na kwamba watu wa machimbo ambao zamani walikuwa wakitaja jina lake kwa heshima sasa wanalitumia kuwaonya wapya: usije ukafanya kama yule Mpemba. Fidia na mengineyo yana ofisi zake, sina la kusema. Kilichonila mimi ni lile jina. Alikuwa na kitu kimoja tu, nami nilikuwa nimekaa juu yake.

Nilijaribu kutunga juu ya jambo hilo. Naona aibu kulisema lakini ndivyo nilivyo. Kila nilipoandika, mistari ilikuja imenyooka, vina vimekaa, na mimi ndani yake nikawa mtu wa kuhurumiwa. Nilizichana zote.

Nikaenda Mkwaja. Nilivuka Pangani asubuhi na nilifika kabla ya adhuhuri, siku ya Alhamisi. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, anasuka kamba ya makumbi kwa ile mikono yake, na mkewe, shemeji yangu, alikuwa anapepeta mchele. Shemeji alinitambua, akanikaribisha, akaniletea maji. Nikamwamkia kaka shikamoo. Akaitikia marahaba kwa furaha, akasema sauti ya mwoga huyo, hata kipofu anaitambua. Hapo ilibaki kidogo tu nigeuke nirudi.

Nilimwambia. Sikupanga maneno. Nilimwambia beti nane, nikamwambia mahadhi, nikamwambia na yale maneno matatu. Shemeji aliacha kupepeta. Yeye aliendelea kusuka kama dhiraa moja hivi, halafu mikono ikasimama.

"Nane," akasema.

"Nane, kaka."

"Na zilobaki ukazipigisha mbio."

"Ndiyo."

Midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua analiimba, lile la zamani, analipima. Aliposema, alimgeukia mkewe.

"Unasikia? Sikukosea."

Shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Miezi saba," akaniambia, "miezi saba n'nakaa hapa naiimba siku ile. Naimba, nahesabu, naona nusu saa imetimia. Nikasema basi akili zangu zimekwisha, nimeanza kupotea nami mwenyewe sijijui. Nikamwambia huyu mama asiniachie hata kiberiti nyumba hii. Kumbe ni weye."

Nikaanza kumwomba radhi. Akaninyamazisha kwa kiganja, akasema radhi tutaizungumza siku nyingine au hatutaizungumza, sasa hivi nichukue karatasi. Nilikuwa na daftari mfukoni, sikosi. Akataka niandike barua kwa waliochunguza, niandike kila kitu, kisha nimsomee.

Niliandika ukurasa wa kwanza nikasoma. Nilikuwa nimeanza na jua la saa sita. Akasema hapana, jua halikumtoboa mtu macho, ondoa. Nikaandika tena. Nikasoma. Nilikuwa nimeeleza jinsi nilivyoteseka moyoni miezi saba. Akauliza nani kaniuliza. Nikaandika tena. Safari ya tatu aliniachia mpaka katikati, pale nilipoandika kwamba bahati mbaya muda ulipungua, akanikatiza: "Haukupungua, yakhe. Uliupunguza." Shemeji alikuwa ameacha mchele kabisa, amekaa mlangoni ananitazama, na nikikosea sentensi alikuwa anavuta pumzi. Ya nne ilikuwa na mistari kumi na moja. Hakuna neno zuri hata moja mle. Nililikata shairi. Nililiongezea mwendo. Lilikuwa ndilo saa yetu. Alitoka liliporisha, kama tulivyofundishwa, kama alivyonifundisha. Sikumwambia tungoje. Nilidanganya.

"Hapo 'liliporisha' umeandika vibaya," shemeji akasema. Alikuwa ameinama anasoma begani kwangu. "Ni 'lilipoisha'."

Nikarekebisha, nikatia sahihi.

Nilidhani nitaipeleka barua mjini na mambo yataishia hapo. Yeye akasema ya mjini nitaipeleka Jumatatu, lakini kesho ni Ijumaa, na barua hii nitaisoma hapa kwanza, kwa mdomo wangu, baada ya sala, mbele ya watu wanaomwita aliyejilipua. Nikamwambia kaka, mimi kwa watu wengi naogopa. Akasema anajua.

Nimesoma mbele ya watu mara nyingi maishani mwangu, na mjini niliwainua wazee kwenye viti. Ijumaa ile niliposimama nje ya msikiti, niliishika karatasi kwa mikono miwili. Watu walikuwa arobaini labda. Ningependa kusema elfu. Yeye aliwekwa kwenye kiti mbele, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa, uso wake ameuelekeza kwa watu na si kwangu. Nilisoma mistari kumi na moja. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilipomaliza, mzee mmoja mvuvi, mwenye sikio zito, akauliza kwa sauti ya juu:

"Kwa hiyo yeye hakukosea?"

"Hakukosea," nikasema.

"Sema tena, sikusikia."

"Hakukosea, mzee. Nilikosea mimi."

Wakaanza kumwendea mmoja mmoja kumpa mkono. Hawakusema maneno mengi, mkono tu na salamu, na yeye kila mkono alioupokea aliushika kwa muda, akiupapasa apate kujua ni wa nani, kisha akataja jina. Alipatia karibu yote. Mimi nilisimama na karatasi yangu pembeni. Niliwatolea salamu wawili waliopita karibu yangu. Hawakuijibu, na msomaji anayejua maana ya salamu kutojibiwa mlangoni mwa msikiti sina haja ya kumwongezea.

Jumatatu nilipeleka barua mjini, wakaigonga muhuri. Ripoti haijabadilishwa mpaka leo. Waliniambia imekwisha kufungwa. Ila kontenani ilitundikwa saa ya ukutani, ubao wangu ukang'olewa, shairi likapigwa marufuku, na mimi nikafukuzwa kwa kutoa taarifa ya uongo, sababu ambayo siwezi kuilalamikia. Sasa napakia machungwa Muheza. Hatari kubwa ya kazi hii ni nyuki, nami nawaogopa kama nilivyoogopa baruti, lakini sijawatungia kitu.

Nakala yenye muhuri niliipeleka Mkwaja mwenyewe, sikutaka ipotee njiani. Alikuwa na wageni barazani, vijana wawili wa machimbo ya kokoto waliokuja kumwuliza jambo la kazi, na alikuwa anawaeleza kwa mikono, akipima hewani kina cha tundu. Sikuona vyema kumkatiza. Nikampa shemeji karatasi mlangoni. Aliisoma yote, muhuri na tarehe, akaikunja, akaitia ndani ya kanga yake kifuani. Nikamwuliza kama nimsubiri kaka amalize na wageni wake.

"Gari la kurudi linapita saa nane," akasema. "Usije ukalikosa."